Uzi: Siku moja Maskati kwa abiria wa meli za kitalii – ununue ziara ya melini au utembee mwenyewe?

#1 – Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu. Msimu wa meli za kitalii katika Ghuba huanza Oktoba na kwisha Aprili, na kila unapokaribia hupokea swali lile lile kutoka kwa ndugu wa Nairobi, Dar es Salaam na Unguja waliokata tikiti za meli zinazozunguka kutoka Dubai au Doha: meli itafunga gati Maskati asubuhi na kuondoka jioni, je, wanunue ziara zinazouzwa melini au washuke watembee wenyewe? Naishi katika mji huu, na jibu langu, ambalo nipo tayari kulitetea hapa, ni kwamba abiria wengi hulipa fedha nyingi ili waondolewe katika kitu walichokijia. Bandari ya Maskati imo ndani ya mji mkongwe. Ukishavuka geti lake umeshafika. Basi la ziara hukuchukua hapo hapo, hukuzungusha katika barabara kuu za mji mpya, kisha mara nyingi hukurudisha sokoni adhuhuri, wakati maduka yanateremsha milango.

Tuanze na bandari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote. Meli hazifungi gati katika Maskati ya kale bali Matrah, ghuba ya jirani, katika Bandari ya Sultani Qaboos. Hadi mwaka 2014 makontena yalishushwa hapa. Mwaka huo mizigo ya biashara ilihamishiwa Sohar, zaidi ya kilomita 200 kaskazini-magharibi, na Matrah ikaachiwa zaidi meli za abiria na vyombo vidogo. Abiria haruhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya eneo la bandari. Lipo basi la bure linalozunguka kati ya ngazi ya meli na geti, na kuanzia getini uko huru.

Getini utawakuta madereva wa teksi za rangi nyeupe na ya machungwa. Kazi hiyo imetengwa kwa raia wa Oman tu, kwa hiyo unayezungumza naye ni mwenyeji, na usishangae akikujibu kwa Kiswahili, kwa kuwa familia nyingi zilihamia huku kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya mwaka 1964, na nyingine zikafuata baada ya 1970. Undugu huo, hata hivyo, hausafishi bei. Siku ya meli, nauli ya getini huwa mara kadhaa ya ile ya kawaida, na msafiri hudanganyika kwa udogo wa tarakimu: rial moja ya Oman ni takriban dola 2.60 za Marekani, tena hugawanywa katika baisa 1,000, hivyo "rial kumi na tano tu" ni karibu dola 40. Patana kabla ya kuketi, na useme wazi kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa. Mwenye intaneti katika simu anaweza kuita gari kwa programu ya OTaxi, akaona bei kabla ya safari.

Lakini kwa saa za kwanza huhitaji gari. Karibu na geti kuna soko la samaki lililofunguliwa mwaka 2017, kazi ya wasanifu wa Snøhetta kutoka Norway, lenye paa la mbavu zilizopinda. Nenda mapema, jodari na nguru wakiwa bado mezani. Kisha fuata barabara ya ufukweni, ambayo hapa huitwa kornishi, ukiwa na bahari upande mmoja na nyumba nyeupe za roshani za mbao upande wa pili. Nyumba hizo ni za mtaa wa Walawatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kishia wenye asili ya Bara Hindi. Mtaa wao umezungushiwa ukuta na una geti lake. Ni makazi ya watu, si maonyesho, na mgeni hatakiwi kuingia bila kualikwa.

Soko la Matrah liko hatua chache mbele. Mbele kabisa ya soko huuzwa skafu na vinyago vya ngamia vilivyotoka viwanda vya mbali, na abiria wengi huishia hapo wakidhani wameliona soko. Ingia ndani, pinda kushoto na kulia, hadi ufike kwenye maduka ya fedha, kofia za kutarizi kwa mkono, vitambaa na halua inayochotwa kutoka katika sufuria kubwa. Ubani ndio bidhaa ya kununua. Ni utomvu wa mti unaoota Dhofar, kusini mwa Oman, na huuzwa kwa madaraja: vipande vikubwa, safi, vyenye weupe au ukijani uliopauka ndivyo vya juu, navyo huitwa hojari, vile vya hudhurungi vyenye vumbi na magamba ni vya bei ya chini. Mwambie muuzaji akuchomee kidogo katika chetezo kabla hujalipa. Kuhusu majambia, chukua tahadhari: mengi yanayoning'inia mlangoni ni mapambo ya kuiga, na lile la fedha halisi lina bei inayoweza kukukalisha kitako. Tena, jambia ni silaha, kwa hiyo walinzi wa meli watalichukua na kulihifadhi hadi mwisho wa safari.

Jambo la msingi kuhusu soko ni saa zake. Maduka hufungwa mchana, takriban saa saba, na hufunguliwa tena saa kumi. Anayepanga msikiti asubuhi na soko "baadaye" atakuta milango imefungwa.

Kutoka Matrah hadi Maskati ya kale ni mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuko, ukipita chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya mwamba wa Riyam. Wenye miguu wanaweza kupita njia ya mlimani inayoitwa C38, inayounganisha Riyam na Matrah kwa nyuma. Inachukua kati ya saa moja na nusu na mbili, inataka viatu vya maana na maji ya kutosha. Wengine wachukue teksi.

Hapo Maskati ya kale ndipo msomaji wa Kiswahili anapopata faida ambayo Mjerumani wa meli ile ile haipati. Mbele ya kasri la Al Alam kuna ngome mbili zinazotazamana juu ya mdomo wa ghuba, Mirani na Jalali, ambazo Wareno walizikamilisha katika miaka ya 1587 na 1588. Walikuwa wameuteka mji mwaka 1507 chini ya Afonso de Albuquerque. Miaka michache baada ya kumaliza ngome hizi, mwaka 1593, walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa: dola ile ile, hofu ile ile ya Waturuki, na bahari moja ya kulinda. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yarubi aliwafukuza Maskati, na waandamizi wake wakawafuata hadi Mombasa, wakaizingira Fort Jesus kuanzia 1696 na kuitwaa mwishoni mwa 1698. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ni zao la ushindi huo. Aliyekulia pwani yetu akisimama hapa anaiona nusu ya kwanza ya hadithi ambayo nusu yake ya pili anaijua tangu shule ya msingi.

Ngome zenyewe hutazamwa kwa nje, lakini Makumbusho ya Taifa yapo ng'ambo ya uwanja wa kasri, yamefunguliwa mwaka 2016, na humo kuna ukumbi unaohusu uhusiano wa Oman na dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Ukiwa na saa mbili tu za kutumia chini ya paa lenye kiyoyozi, zitumie hapo.

#2 – Mchangiaji wa Mombasa

Mleta uzi, shukrani kwa maelezo. Mimi na mume wangu tutashuka hapo, na katika orodha ya ziara za melini kuna Nizwa, kuna Wadi Shab, kuna pomboo, na kuna "Msikiti Mkuu na vivutio vya mji". Je, zote hizo tuzipuuze? Pili, kuna hatari gani ya kweli ya kuachwa na meli, au ni vitisho vya kuuzia tiketi?

#3 – Mleta uzi

Dada, hatari ipo, na inafaa uielewe jinsi inavyofanya kazi. Kundi lililonunua ziara ya melini likichelewa, meli hulisubiri, na ikishindikana kampuni hulibeba jukumu la kulifikisha bandari inayofuata. Aliyetoka mwenyewe akichelewa, ngazi huinuliwa, na gharama za hoteli, tikiti ya ndege na karatasi za uhamiaji ni zake. Kwa hiyo hoja yangu haisemi kwamba ziara za melini hazina kazi. Kazi yake ni bima ya umbali, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo bima hiyo inavyostahili bei yake.

Chukua Nizwa. Iko takriban kilomita 160 kutoka bandarini, yaani saa mbili za barabara kwenda na mbili kurudi. Meli ikifunga gati saa mbili asubuhi, ukishuka saa tatu, utafika saa tano. Na saa ya mwisho ya kurudi melini ikiwa kumi na moja jioni, lazima uondoke Nizwa saa nane ili ubaki na akiba. Unapata saa tatu za kuona ngome yenye mnara mkubwa wa mviringo, iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu yule yule aliyewafukuza Wareno, soko lake, na chakula cha mchana. Inatosha, lakini nenda na basi la meli. Ila usidanganywe na picha za mnada wa mbuzi: mnada huo ni wa Ijumaa asubuhi mapema, na mtu aliyeshuka gati saa tatu atakuta wanunuzi wameshaondoka na mifugo yao.

Bonde la Wadi Shab nalo ni safari ndefu upande wa mji wa Sur, lina mwendo wa miguu kwenye mawe na kuogelea ili kufika pangoni, na mabonde ya Oman hufurika ghafla mvua inaponyesha milimani hata kama juu yako ni jua. Asiyejua kuogelea asiende, awe na ziara ya meli au ya nani. Pomboo huonekana kwa boti zinazoondoka katika marina ya Bandar Al Rowdha, jirani na mji. Ni jambo la kufurahisha, lakini mtu wa Mombasa aliyewahi kwenda Wasini au Kizimkazi atajiuliza kwa nini amelipa tena.

Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaoharibu ratiba za wengi. Ulifunguliwa mwaka 2001, uko takriban kilomita 25 kutoka bandarini, na ndani yake kuna zulia moja lenye uzito wa tani 21, lililofumwa na mamia ya wanawake wa Khorasan, Iran, kwa muda wa miaka minne. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, Ijumaa hawaingii. Muislamu huingia kwa ajili ya ibada nyakati nyingine pia, na ninyi mkiwa Waislamu mnaweza kugeuza ratiba yote: soko na ufuko asubuhi, kisha teksi hadi msikitini kwa sala ya adhuhuri, wakati mabasi ya ziara yameshaondoka. Kwa asiye Muislamu, uchaguzi ni mgumu kweli, maana saa za msikiti na saa nzuri za soko zinagongana. Mimi ningechagua soko. Wengine watanilaumu.

#4 – Mchangiaji, baharia wa meli ya kitalii

Nachangia kwa upande ambao nyuzi hizi husahau. Sisi tunaofanya kazi melini, na Wakenya na Watanzania tumo, hatupati siku nzima. Unapewa saa chache kati ya zamu mbili, na saa yako ya kurudi hutangulia ile ya abiria. Kwa mtu kama huyo, Matrah ni mojawapo ya bandari bora katika mzunguko wa Ghuba, kwa sababu kwingine bandari iko mbali na mji na nusu ya ruhusa yako huishia ndani ya basi. Hapa unafika sokoni kwa robo saa ya mguu, unapiga simu nyumbani ukiwa umeketi ukingoni mwa bahari, unakula mishkaki na chapati katika mgahawa wa vichochoroni, na unarudi.

Nyongeza mbili kwa abiria. Pasipoti mara nyingi hubaki melini, kwa hiyo beba kadi ya meli na nakala ya pasipoti, na andika namba ya wakala wa bandari iliyochapishwa katika karatasi ya ratiba ya siku. Akikwama mtu, huyo ndiye anayepigiwa kwanza. Na kwa ndugu zangu wa Meru na Nairobi: miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria za Oman. Usishuke nayo hata kijiti.

#5 – Mchangiaji wa Dar es Salaam

Naheshimu hoja ya mleta uzi lakini sikubaliani nayo yote. Nilisafiri na mama yangu mzazi, ambaye anatembea kwa mkongojo. Soko analolisifu lina ngazi, mawe yanayoteleza na msongamano wa watu, na kutafuta teksi ya pili kutoka Maskati ya kale, juani, na mzee pembeni, si starehe. Ziara ya basi ilitupatia kiyoyozi, choo safi, na kiongozi aliyejua mahali pa kusimama. Ilikuwa ghali, na soko tuliliona kwa haraka, lakini mama aliuona msikiti na bado anausimulia. Si kila abiria ana magoti ya kijana.

Nina jambo jingine, zito zaidi. Kiongozi wetu alizungumza kwa ufasaha kuhusu ubani, majambia na upendo wa Waomani kwa Zanzibar. Hakutaja watumwa. Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alihamishia makao yake Unguja kabla ya katikati ya karne ya 19 kwa sababu ya karafuu na biashara ya pwani, na mashamba yale hayakulimwa na watu wa hiari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, na katika Oman yenyewe utumwa ulikomeshwa rasmi mwaka 1970. Anayemshauri Mwafrika wa Mashariki asimame mbele ya ngome na kufurahia historia ya pamoja, amweleze pia upande huo.

#6 – Mchangiaji wa Unguja, mtembeza wageni

Ndugu wa #5 amesema kweli. Mji Mkongwe hatuwezi kumtembeza mgeni bila kupita Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa na sasa kuna kanisa la Kianglikana, na mgeni akitoka hapo hukaa kimya muda mrefu. Ziara fupi za bandarini, popote duniani, huchagua kinachouzika kabla ya chakula cha mchana. Mtu akitaka zaidi inabidi aje na maswali yake.

Kwa upande wa kazi, ninaionea wivu Matrah. Kwetu, abiria akitoka bandari ya Malindi huzingirwa na papasi, madalali wa mtaani wanaong'ang'ania wageni, kabla hajainua kichwa, na wengi hurudi melini wakiwa wameudhika. Kule geti ni moja, basi ni la bure, teksi zina rangi inayotambulika, na mgeni anaachwa atazame. Hata hivyo, malalamiko ni yale yale pande zote mbili: abiria hulala na kula melini, kwa hiyo mji hubakiwa na nauli, tiketi ya makumbusho na kifurushi cha ubani. Ndiyo maana mimi namuunga mkono mleta uzi kwa sababu ya tofauti na yake. Anayetembea mwenyewe huacha fedha mkononi mwa mwenye duka.

Kwa wapenzi wa vyombo vya bahari, msikose jahazi la Sohar, lililowekwa katikati ya mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, mbele kidogo ya Maskati ya kale. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, kama mitepe ya Lamu ya zamani, na lilisafiri kutoka Oman mwaka 1980 hadi Guangzhou, China, likafika mwaka 1981.

#7 – Mleta uzi

Ndugu wa #5, kuhusu mzee nakubaliana nawe bila ubishi, ila ningeongeza njia ya tatu: teksi moja kwa nusu siku, dereva mmoja, bei iliyopatanwa getini, naye anasubiri kila kituo. Kwa watu watatu au wanne huwa rahisi kuliko tiketi za melini, na mzee halazimiki kufuata mwendo wa kundi. Kuhusu watumwa, umenena, na ndiyo sababu nyingine ya kuyapa makumbusho saa mbili badala ya dakika 20 za kundi: mtu asome mwenyewe kilichoandikwa, na aone mwenyewe kisichoandikwa.

Mmoja ameniuliza kwa faragha kuhusu meli yao inayofika siku ya Ijumaa. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, na Ijumaa maduka mengi ya soko hubaki yamefungwa asubuhi hadi baada ya sala. Siku hiyo geuza mpango: anza na soko la samaki, panda teksi hadi Maskati ya kale, tazama ngome, kasri na jahazi la Sohar, rudi Matrah kwa chakula, kisha ingia sokoni linapofunguliwa saa kumi, ikiwa saa ya meli inaruhusu. Katika Ramadhani migahawa mingi hufunga mchana na haifai kula wala kunywa hadharani, kwa hiyo shiba melini. Mavazi yafunike mabega na magoti kwa wote, na mwanamke anayekusudia msikiti abebe mtandio wa kichwa na nguo ya mikono mirefu.

Kwa wanaouliza kama bei za meli za miezi ya joto zinafaa: Juni mwaka 2018 huko Quriyat, kusini-mashariki ya hapa, usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hiyo ilikuwa rekodi, si kila usiku, lakini kutembea kwa miguu kote nilikoeleza hapo juu ni jambo la Novemba hadi Machi.

Na kwa kila msimu, uwe umerudi getini saa moja kabla ya muda wa mwisho uliotangazwa, kwa sababu nusu saa ya mwisho abiria wote hurudi pamoja na foleni ya basi la bandarini hufika barabarani.